Nipe Mji

Sisi tuliolelewa kwa vitendawili tunaijua sheria hii kabla hatujajua alifu kwa kijiti. Mtegaji husema, "Kitendawili!" nasi huitika, "Tega!" Akatega, tukajaribu, tukashindwa, hapo hutudai: "Nipeni mji." Tukampa mji, Lamu au Pemba au Mombasa, hata Maskati tukitaka kujionyesha wakarimu, naye husafiri kwa maneno mpaka huko. Hutueleza alivyopokewa bandarini, alivyotandikiwa jamvi, alivyolishwa mpaka akaomba radhi. Akishashiba mji wetu ndipo hutufumbulia.

Sikudhani kwamba sheria hii ya ukumbini kwa bibi yangu ingenifaa ukubwani, tena katika jambo lililo mbali naye kabisa: muziki wa kale wa Ulaya, wa akina Bach, Haydn na Elgar. Lakini ndivyo ilivyokuwa, na ndiyo habari ninayotaka kumsimulia msomaji, kwa kuwa ndani yake mna deni langu ambalo sikulilipa kwa wakati wake.

Mwaka 1993 nilipeleka redio ya mama yangu kwa fundi mmoja katika kichochoro cha Mkunazini. Nitamwita Ami, kwani ndivyo nilivyomwita siku zote, ingawa hatuna nasaba. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, niliyeacha skuli mapema, ninayejifundisha Kiingereza kwa kamusi iliyopotea jalada na kutunga mashairi ambayo sikumwonyesha mtu. Ami alikuwa ameinamia mashine yake ya santuri, moshi wa risasi ya kuchomelea ukimzunguka kichwani, na katika moshi ule zilikuwa zikipigwa fidla nyingi kwa pamoja, kwa namna ambayo sikupata kuisikia katika taarab wala katika redio. Nikamuuliza, "Ami, huu ni muziki gani?" Hakuniangalia. Akasema, "Kitendawili."

Nami, kwa mazoea ya ulimi tu, nikaitika, "Tega."

Santuri zile alizinunua mnadani, sanduku zima, wakati wa ujana wake, zilipouzwa mali za watu waliohama baada ya mwaka 1964. Alilitaka sanduku kwa sababu ya mbao zake. Ndani akakuta santuri zisizopungua 60. Hakuna aliyemfundisha kuzisikiliza. Alizisikiliza kama anavyosikiliza redio mbovu, akitafuta ni wapi sauti inaingia na ni wapi inatoka, mpaka akazijua. Kisha, kwa kuwa mtu hawezi kujitegea kitendawili peke yake, akatafuta wenzake.

Tulikuwa wanne. Ami mwenyewe, mpiga fidla wa taarab ambaye tulimwita Bwana Fidla, muuguzi mstaafu aliyeimba kwaya tangu utotoni, ambaye sote tulimwita Sista, na mimi, mdogo wao na mjinga wao. Tulikutana Alkhamisi baada ya Isha, mlango wa duka ukiwa nusu, dele ya kahawa ikiwa juu ya makaa na kashata katika sahani. Ami aliteremsha sindano, jalada la santuri likiwa limefichwa chini ya kanga. Tukasikiliza. Kisha kila mmoja alisema alichonacho: ni vyombo gani, ni wa zama gani, ni mkono wa nani, na kuna nini kilichofichwa humo. Hapakuwa na zawadi wala hesabu ya aliyeshinda. Aliyeshindwa alitoa mji, na Ami akausafiri, wakati mwingine kwa urefu kuliko muziki wenyewe.

Katika mikutano ile nilijifunza jambo ambalo baadaye vitabu vilinithibitishia, kwamba mchezo wetu haukuwa uzushi wa kichochoroni. Watunzi wenyewe walikuwa wategaji. Mwaka 1781 Joseph Haydn alitunga kipande cha fidla mbili, viola na chelo, ambacho mwisho wake ni mtego mtupu. Lahani inafika tamati, msikilizaji anapumua, kumbe bado. Inaendelea kidogo, inanyamaza. Inaendelea tena, inanyamaza. Kisha kimya kirefu, na mwisho linarudi neno la kwanza la lahani, kama mtu anayeanza hadithi upya, na hapo ndipo inapokwisha kweli. Usiku nilipokisikia mara ya kwanza nilianza kusifu mara tatu, na mara tatu santuri ikanikatiza. Sista alicheka hata akaweka kikombe chini. Haydn alikuwa amefariki tangu 1809, na bado ananicheka Mkunazini.

Haydn huyo huyo alikuwa na fumbo jingine, na hili mtu wa pwani halihitaji mkalimani. Alikuwa mwanamuziki wa Mwanamfalme Nikolaus Esterházy, aliyejenga kasri kubwa mashambani Hungaria. Mwaka 1772 bwana huyo alikaa huko muda mrefu kuliko ilivyotarajiwa, na wapigaji, wengi wao wakiwa wameacha wake na watoto mjini, wakachoka. Nani atamwambia mkubwa kwamba watu wanataka kwenda kwao? Haydn akatunga simfoni ambayo mwishoni wapigaji wananyamaza mmoja baada ya mmoja. Kila anayemaliza sehemu yake huzima mshumaa wake, akachukua chombo chake na kutoka. Zinabaki fidla mbili, kisha giza. Husimuliwa kwamba mwanamfalme alielewa, na kesho yake safari ikaamriwa. Bwana Fidla aliposikia kisa hiki alipiga goti lake kwa kiganja. "Hiyo ni taarab!" akasema. Nasi tulijua anakusudia nini. Ni mara ngapi tumeona ukumbini mwanamke akiinuka na noti mkononi, si kwa ubeti wowote bali kwa ubeti ule, akaenda kutunza kwa mwendo wa polepole, na watu wote wakajua neno limemwendea nani, ilhali hakuna jina lililotajwa? Fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huling'amua.

Lakini mwalimu wa wategaji wote alikuwa Johann Sebastian Bach. Katika hesabu ya majina ya sauti kwa Kijerumani, B ni sauti moja na H ni nyingine, na A na C zipo. Kwa hiyo jina lake zima, B, A, C, H, ni sauti nne zinazoweza kupigwa. Naye alizipiga: alilitia jina lake katika kazi yake ya mwisho kubwa kama mshairi anavyojitaja katika beti za kaditamati. Tena ukizihesabu herufi kwa nafasi zake, B ni 2, A ni 1, C ni 3, H ni 8, jumla 14. Tulipofika hapa sikuhitaji kueleweshwa, kwani marehemu babu yangu alijua hesabu ya abjadi, na mimi nilikua nikiona majina ya watu yakigeuzwa tarakimu juu ya karatasi za chai.

Katika mji wa Leipzig mwaka 1738 msomi mmoja aitwaye Lorenz Mizler aliasisi jumuiya ndogo ya wajuzi wa muziki, waliopelekeana maarifa na kazi zao kwa barua. Telemann alikuwamo, na Händel pia. Bach alijiunga mwaka 1747, akawa mwanachama wa 14. Mwaka mmoja kabla, mchoraji Haussmann alimchora ameshika kipande cha karatasi chenye mistari mitatu ya noti. Mistari ni mitatu, lakini sauti zinazopaswa kutoka humo ni sita. Tatu nyingine hazikuandikwa, na anayeitazama picha inampasa azitafute mwenyewe. Basi mzee yule amesimama katika picha, uso mzito, mkono umenyooka kidogo, kama anayesema: Tega nimekwisha tega, haya.

Mwaka huo wa 1747 Mfalme Frederick wa Prussia alimpa Bach lahani moja ngumu huko Potsdam, na Bach akairudisha kwa mfalme ikiwa imezaa kitabu kizima. Baadhi ya vipande vyake aliviacha bila ya kueleza vipigwe vipi, akaandika kwa Kilatini maneno ya kumwambia msomaji atafute na atapata. Na juu yake aliweka sentensi ambayo herufi za mwanzo za maneno yake zinaunda jina la aina ya utungo uliomo. Sisi ambao washairi wetu wa zamani walitunga kwa kufuata herufi kutoka alifu hadi yee, tunaweza kumwona Bach kuwa ni jirani.

Nimesema nilikuwa mjinga wao. Neno hilo leo nalitamka bila ya uchungu, lakini zama zile lilikuwa donda. Mtu aliyejifundisha mwenyewe huishi na hofu moja ambayo msomi wa chuo haijui. Msomi akikosa jibu, amekosa jibu. Sisi tukikosa, tunadhani tumefichuka. Kila "sijui" huonekana kama cheti tusichokuwa nacho. Bwana Fidla alikuwa na mkono wake: alijua mpigaji anavyovuta upinde. Sista alikuwa na sikio la kwaya: aliweza kuzitenga sauti nne zikiimba kwa pamoja. Ami alikuwa na sanduku. Mimi nilikuwa na kamusi tu, na kazi yangu ilikuwa kuwatafsiria maelezo yaliyoandikwa nyuma ya majalada baada ya kitendawili kufumbuliwa. Nilichoka kusema baada. Nilitaka angalau usiku mmoja niseme kabla.

Alkhamisi moja nilifika alasiri. Ami alikuwa anakwenda msikitini, akaniachia duka. Juu ya meza, chini ya kanga, palikuwa na santuri aliyoiandaa kwa usiku. Nilifunua. Jalada lilisema Mozart, simfoni ya 36. Nikasoma maelezo yote ya nyuma, nikayahifadhi, nikairudisha kanga kama ilivyokuwa, hata mkunjo wake.

Usiku sindano ikateremka. Muziki ulianza taratibu, kisha ukachangamka. Sikungoja hata wenzangu wakohoe. Nikasema kwa sauti ambayo sasa nikiikumbuka naona haya: "Ni Mozart. Simfoni ya 36. Aliitunga mji wa Linz mwaka 1783, kwa siku chache tu."

Wakanyamaza. Bwana Fidla alinitazama, kisha akamtazama Ami. Ami alikuwa anamimina kahawa. Akasema, "Nipe mji."

"Kwani siyo, Ami?"

"Nipe mji, mwanangu."

Nikampa Tanga. Akaenda Tanga. Akaeleza bandari, akaeleza machungwa, akaeleza jamaa waliomkaribisha na kumzuia asiondoke. Safari ile ilikuwa ndefu kuliko zote. Aliporudi akasema, "Ni Haydn. Simfoni ya 88." Kisha akaiinua santuri, akaifuta vumbi kwa ukingo wa kanga, na mbele ya macho yangu akairudisha taratibu katika jalada la Mozart.

Hakusema neno. Hakuniangalia kwa jicho baya. Alkhamisi iliyofuata alinimiminia kahawa wa kwanza. Nami tangu siku ile niliamini kwamba Ami alizibadilisha santuri makusudi, kwamba alinijua nitafunua kanga, na kwamba kitendawili cha usiku ule kilikuwa mimi. Nilikusudia kumwomba radhi. Nikasema nitamwomba wiki ijayo. Wiki ijayo ikawa miaka.

Kitu kimoja lakini kilibadilika. Sikuogopa tena kutoa mji. Nilipokuwa sijui, nilisema sijui, nimekupa Siyu, nimekupa Kilwa, nimekupa Moroni; na kila nilipotoa mji nilikuta kwamba sikupungukiwa na kitu. Hapo ndipo nilipoielewa hekima ya waliotuwekea sheria ile. Mtihani humwacha asiyejua mikono mitupu. Kitendawili humfanya asiyejua kuwa mwenyeji: yeye ndiye mwenye mji, na mjuzi ndiye mgeni wake. Anayejua hawezi kulitoa jibu mpaka kwanza amekaribishwa na asiyejua. Sijaona katika elimu zote nilizozipapasa heshima kubwa kuliko hiyo kwa mtu aliyeshindwa.

Mwaka uliofuata nilipewa zamu ya kutega mimi. Niliichagua santuri ya Edward Elgar, kwa sababu nilisoma kwamba naye hakusomea utunzi chuoni. Baba yake alikuwa na duka la muziki katika mji wa Worcester na alitengeneza sauti za piano. Mtoto alijifundisha kutokana na vitabu na vyombo vilivyokuwa dukani. Usiku mmoja wa Oktoba mwaka 1898, baada ya siku ya kufundisha iliyomchosha, alikuwa akichezea piano, na mkewe Alice akamuuliza lahani ile ni nini. Akaanza kuigeuza kwa ajili yake: hivi angeipiga fulani, hivi angeipiga fulani. Mchezo wa mume na mke ukawa kazi kubwa ya okestra yenye mageuzo 14, iliyopigwa London tarehe 19 Juni 1899. Kila geuzo ni rafiki mmoja, na juu yake pana herufi za jina lake tu, au lakabu, au katika moja, nyota tatu bila ya jina. La kwanza ni la mkewe. La mwisho ni lake mwenyewe. Katikati yumo mpigaji ogani wa Hereford, ambaye muziki wake humwonyesha zaidi mbwa wake aliyeanguka mtoni kuliko yeye mwenyewe.

La tisa linaitwa Nimrod. Bwana Fidla alikataa katakata. "Muziki mtamu namna hii, wa taratibu kama dua, ataitwaje Namrudi? Namrudi si ndiye aliyemtia Nabii Ibrahim motoni?" Sista akamwambia kwamba katika Biblia Nimrodi ni mwindaji hodari. Na hapo kamusi yangu ikapata kazi: rafiki aliyekusudiwa aliitwa Jaeger, na neno hilo kwa Kijerumani ni mwindaji. Jaeger huyo alifanya kazi kwa wachapishaji wa muziki, na Elgar alipokata tamaa alimwendea, akamkumbusha taabu za Beethoven ambaye hakuacha kutunga. Basi lile geuzo ni shukrani ya mtu aliyezuiwa asianguke. Bwana Fidla akasikiliza mara ya pili, akasema, "Haya, Namrudi huyu nimemsamehe."

Kazi nzima Elgar aliiita kwa neno ambalo lilinishinda kulitafsiri kwa wiki mbili. Ni kitendawili au ni fumbo? Katika lugha yetu hayo si mamoja. Kitendawili ni mapatano: kina jibu, na mtegaji amefungwa kulitoa akipewa mji. Fumbo ni kitu kilichofumbwa, kama mkono au jicho. Unaweza kulizunguka, ukalikaribia, na lisifumbuke. Elgar alisema kwamba mbali na marafiki, ambao siri yao haikudumu, kuna siri nyingine: kwamba juu ya kazi yote inapita lahani nyingine kubwa zaidi, ambayo haipigwi. Hakuitaja. Dora Penny, binti ambaye yumo katika geuzo la 10, alimuuliza, akamjibu kwamba alidhani yeye ndiye angeijua kuliko wote. Binti huyo alikuwa amekwisha pewa mtihani mwingine: mwaka 1897 Elgar alimpelekea barua ya mistari mitatu, alama 87 za vijipinde vipinde, ambayo hakuweza kuisoma, na mpaka leo hakuna ufumbuzi uliokubaliwa na wote. Kuhusu lahani iliyofichwa, watu wametaja nyimbo za taifa, za kanisa, na za kuagana. Elgar alifariki mwaka 1934 bila ya kufumbua.

Nilipomaliza kueleza, Sista aliuliza swali moja: "Walimpa mji?"

Nikasema kule kwao hawana desturi hiyo.

"Basi ndiyo sababu," akasema. "Angepewa mji angelazimika."

Nikaandika katika daftari langu: *Fumbo*. Sijalibadilisha.

Sasa tumebaki wawili. Bwana Fidla alitangulia mbele ya haki mwaka 2016. Sista amehamia bara kwa wanawe. Duka limefungwa, na Ami, ambaye umri wake umepita 80, anaishi Ng'ambo kwa binti yake. Kumbukumbu yake imeanza kuzima mishumaa mmoja mmoja, kama wale wapigaji wa Haydn. Kwanza yalikwenda majina ya majirani, kisha miaka, kisha njia ya msikitini. Mimi hunijua, ingawa siku nyingine huniita kwa jina la mdogo wake.

Mwaka jana nilimwendea nikiwa nimekaza nia. Nikamwambia kila kitu: alasiri ile, kanga, jalada, Mozart, majivuno yangu. Nikamwomba radhi. Alinisikiliza kwa makini, kama mtu anayesimuliwa habari za mgeni. Nilipomaliza alitikisa kichwa kwa huruma. "Kijana huyo," akasema, "msimlaumu. Alikuwa anaogopa." Kisha akaniuliza kama kijana yule alikuja kuwa mtu wa maana. Nikashindwa kumjibu. Nililichelewesha deni mpaka mwenye kudai akasahau kwamba anadai. Na radhi niliyopewa, alipewa mtu mwingine.

Tukakaa. Baada ya kitambo akaanza kuvuma lahani, taratibu, kidole kikipiga goti. Ilikuwa kamili, ina mwanzo wake na mapumziko yake, na haikuwa hata moja ninayoijua. Aliponyamaza akaniangalia kwa jicho la Alkhamisi za zamani. "Kitendawili."

"Tega," nikasema, ingawa alikuwa ameshatega.

Akaivuma tena. Nikajaribu Haydn. Nikajaribu Bach. Nikajaribu hata taarab. Nikasema, "Sijui, Ami. Nimekupa Lamu."

Uso wake ukafunguka. Akaenda Lamu. Hakusahau hata kitu kimoja: jahazi, maji yalivyopwa, punda katika kichochoro, mkeka mpya, samaki, halua, mwenyeji aliyemshika mkono asimruhusu kuondoka. Robo saa nzima hakukosea neno. Kisha akafika mahali pa jibu, akafungua mdomo, na hapakuwa na kitu. Nikaona anatafuta. Mkono wake ukasimama hewani. Akaniuliza kwa sauti ndogo, "Wewe hujui?"

"Sijui, Ami."

Akafikiri. Kisha akasema, "Basi na mimi sijui. Nimekupa Pemba."

Maishani mwangu sikupata kusikia mtegaji akatoa mji. Lakini nilipewa, na aliyepewa mji hana budi kusafiri. Nikaenda Pemba. Nikamweleza karafuu zilivyoanikwa majamvini, harufu yake inavyomlaki mtu kabla ya bandari, na watu walivyonikaribisha. Niliendelea mpaka akasinzia.

Binti yake alinikabidhi santuri zote, na tangu siku ile nazisikiliza moja moja, kutoka sanduku lilelile, nikiitafuta lahani aliyoivuma. Nimefika ya 23. Sijaipata. Lakini nimepata jambo jingine: katika hizo 23, nne zimo katika majalada yasiyo yao, na vumbi la mkunjo wa karatasi za ndani linaonyesha kwamba hazijaguswa tangu mnadani. Walizichanganya wenyewe waliohama, katika pupa ya kufungasha. Pengine basi Ami hakunitega. Pengine hakujua kabisa kwamba nilifunua kanga, na usiku ule alirudisha Haydn katika jalada la Mozart kwa sababu ndimo alimozoea kuiweka. Miaka yote niliyomwonea haya, huenda alikuwa ananimiminia kahawa wa kwanza kwa sababu tu nilikuwa mdogo wao.

Na yeye siwezi tena kumuuliza. Alkhamisi ijayo nitakwenda. Akitega, nitajaribu, nikishindwa, nitampa Mombasa, maana naona hajaenda siku nyingi.